Je, waliotunga Katiba ya Marekani mwaka 1787 walikuwa na mamlaka ya kuitunga?

#1 Kalamu Nyeusi
Salaam wanajukwaa. Kila inapotajwa Katiba ya Marekani, watu huanza na Washington, Madison na Franklin, na mazungumzo huishia kwenye sifa. Mimi nataka tuanze na hati waliyotumwa nayo wajumbe kabla hawajafika kwenye mkutano wa Philadelphia. Tarehe 21 Februari 1787, Kongresi iliyokuwepo chini ya Mkataba wa Shirikisho, yaani katiba ya kwanza ya nchi hiyo, ilipitisha azimio la kuunga mkono mkutano huo, na azimio lilitamka wazi kwamba kazi yake ni moja tu, nayo ni kuurekebisha Mkataba uliopo. Mkataba wenyewe, ulioanza kutumika tarehe 1 Machi 1781, ulikuwa na kifungu cha 13 kilichosema kwamba hautabadilishwa mpaka Kongresi ikubali na bunge la kila jimbo lithibitishe.

Wajumbe wakakaa kuanzia tarehe 25 Mei hadi 17 Septemba, wakauweka Mkataba kando, wakaandika katiba nyingine kabisa, na katika kifungu chake cha 7 wakaamua kwamba majimbo tisa yakiridhia, inatosha kuanza kazi kati ya hayo yaliyoridhia. Hawakusubiri majimbo yote 13, wala hawakuyaachia mabunge uamuzi, bali walitaka mikutano maalumu ichaguliwe kwa ajili hiyo. Kwa maoni yangu, hapo watu walioheshimika waliivunja sheria kuu ya nchi yao, na wema wa matokeo haufuti namna yalivyopatikana. Nawakaribisha wenye hoja za kunipinga.

#2 Wakili wa Mkoani
Ahsante kwa kuleta hoja nzito. Napinga. Mkutano wa Philadelphia haukutunga sheria yoyote, ulitoa pendekezo. James Wilson wa Pennsylvania alilisema hilo ndani ya ukumbi tarehe 16 Juni, kwamba hawana mamlaka ya kuamua chochote lakini wana uhuru wa kupendekeza lolote. Madison akalirudia mwezi Januari 1788 katika makala ya 40 ya zile makala 85 ambazo yeye, Hamilton na Jay walizichapisha magazetini kwa jina la Publius. Alisema maandishi yale yalikuwa karatasi isiyo na nguvu mpaka wenyewe waliokusudiwa, yaani wananchi, waipe nguvu. Mtu akinipendekezea jambo nikalikubali kwa hiari yangu, siwezi baadaye kumshitaki kwamba amenipora mamlaka.

#3 Mwalimu Mstaafu
Nashukuru, Wakili, ila kuna jambo la mpangilio katika #1 linalohitaji kunyooshwa. Azimio la Kongresi la Februari halikuwa chanzo cha mkutano. Chanzo ni kikao cha Annapolis cha Septemba 1786, ambako majimbo matano tu yalituma watu, jumla yao 12, kuzungumzia biashara. Walipoona hawatoshi, wakaandika ripoti, kalamu ikiwa mkononi mwa Hamilton, wakiomba majimbo yote yakutane Philadelphia mwezi Mei mwaka unaofuata. Virginia, New Jersey na Pennsylvania ziliteua wajumbe kabla mwaka 1786 haujaisha, yaani kabla ya azimio la Kongresi.

Kila jimbo lilitoa hati yake ya uteuzi, na hati hizo hazikufanana. Ile ya Virginia iliwaruhusu wajumbe kujadili mabadiliko yote na masharti ya ziada yatakayohitajika ili muungano uweze kukabiliana na mahitaji yake, maneno mapana mno. Massachusetts na New York zilinakili sharti finyu la Kongresi. Delaware iliwafunga wajumbe wake zaidi, ikiwakataza kugusa kanuni ya kila jimbo kuwa na kura moja. Kwa hiyo swali la mamlaka halina jibu moja kwa wajumbe wote 55. Edmund Randolph wa Virginia alikuwa ndani ya hati yake kwa namna ambayo Robert Yates wa New York hakuwa.

#4 Msomaji wa Usiku
Ndiyo maana Yates na mwenzake John Lansing waliondoka tarehe 10 Julai na hawakurudi. Walimwandikia Gavana George Clinton kwamba hawakutumwa kuunda serikali moja kuu. Tangu siku hiyo New York haikuwa na kura, kwa sababu Hamilton peke yake hakutosha kuipigia kura. Jina lake mnaloliona chini ya Katiba ni la mtu aliyetia saini akiwa peke yake kutoka jimbo lenye hati ya kurekebisha tu. Hilo linamwongezea nguvu mleta uzi.

#5 Bint Saadani
Mnajadili hati kana kwamba nchi ilikuwa imetulia. Haikuwa imetulia. Kongresi ya wakati ule haikuwa na uwezo wa kutoza kodi hata kidogo. Ilipeleka maombi kwa majimbo, nayo yakatoa yalichotaka. Ilikuwa na madeni ya vita na riba iliyodaiwa na Ufaransa. Mwaka 1781 iliomba ruhusa ya kutoza ushuru wa asilimia 5 kwa bidhaa za nje. Majimbo yakaelekea kukubali, Rhode Island ikakataa mwaka 1782, jambo likafa. Ikajaribu tena mwaka 1783, safari hii New York ikalizima mwaka 1786, kwa kuwa bandari yake ilikuwa ikijipatia ushuru mnono.

Huko nje Uingereza ilibaki na ngome ilizoahidi kuziachia, zikiwemo Detroit na Niagara. Uhispania iliwafungia Wamarekani njia ya mto Mississippi mwaka 1784, na John Jay alipoomba ruhusa ya kuiacha haki hiyo kwa muda ili apate mkataba wa biashara, Kongresi iligawanyika majimbo saba kwa matano, kaskazini dhidi ya kusini, kiasi kwamba watu walianza kuzungumzia kuvunja muungano. Sasa niambieni, serikali isiyoweza kulipa deni wala kuilinda mipaka yake, na ambayo kila dawa ilihitaji kibali cha mgonjwa mmoja mkaidi, ingerekebishwa vipi kwa kufuata kifungu cha 13?

#6 Nahodha Mstaafu
Dada Saadani ametaja Rhode Island na mimi nasimama kuitetea, kwa sababu kila anayeisimulia historia hii huigeuza kuwa jambazi. Mwaka 1787 haikutuma hata mjumbe mmoja Philadelphia. Mwezi Machi 1788 iliwauliza wananchi wenyewe katika mikutano ya miji, jambo ambalo jimbo jingine halikulifanya kwa namna hiyo, na zaidi ya watu 2,700 wakasema hapana huku waliosema ndiyo wakiwa hawafiki 250. Wapo watakaosema kwamba waliounga mkono Katiba walisusia kura hiyo, hasa kule Providence na Newport, na ni kweli. Hata hivyo, tukisema wananchi ndio chanzo cha mamlaka, hawa ndio walioulizwa moja kwa moja.

#7 Wakili wa Mkoani
Nahodha, unaipenda Rhode Island kuliko wafanyabiashara wa Providence walivyoipenda. Wao walitishia kujitenga nayo. Kumbuka pia ilivyoingia. Mwezi Mei 1790 Seneti mpya ilipitisha muswada wa kuifungia biashara, na tarehe 29 mwezi huohuo mkutano wake ukaridhia kwa kura 34 dhidi ya 32.

#8 Nahodha Mstaafu
Umenisaidia, ndugu Wakili. Anayeridhia huku bandari yake ikitishiwa kufungwa, ridhaa yake ina uzito gani?

#9 Jembe Halimtupi Mkulima
Naomba niwalete wakulima, maana mpaka sasa wanaozungumza ni mawakili na manahodha. Mwaka 1786 magharibi ya Massachusetts, wakulima wengi, baadhi yao askari wa zamani wa vita vya uhuru, walizuia mahakama zisifanye kazi kwa sababu huko ndiko walikonyang'anywa mashamba kwa madeni na kodi. Tarehe 25 Januari 1787 kundi lililoongozwa na Daniel Shays liliiendea ghala ya silaha ya Springfield, likapigwa mizinga, watu wanne wakafa. Jeshi lililowafuata chini ya Jenerali Benjamin Lincoln liligharimiwa na michango ya matajiri wa Boston, kwa kuwa hazina ya jimbo haikuwa na fedha hizo. Habari hiyo ilimtikisa Washington huko kwake Mount Vernon, na ilichangia kumtoa nyumbani.

Kisha someni kifungu cha 1, sehemu ya 10. Majimbo yamekatazwa kutoa fedha za karatasi na kutunga sheria inayodhoofisha mikataba. Fedha za karatasi ndizo zilizokuwa ahueni ya mdaiwa, na mikataba inayolindwa hapo ni ya mdai. Mwanahistoria Charles Beard alilisema hili mwaka 1913, kwamba wenye hati za deni la serikali na wenye mitaji walijitungia katiba ya kulinda mali zao. Kwa nini tunatafuta sababu za mbali wakati maandishi yenyewe yanaonyesha nani alilindwa?

#10 Mwalimu Mstaafu
Ndugu Jembe, sehemu ya 10 umeisoma sawasawa. Beard, hata hivyo, alipingwa vikali katika miaka ya 1950 na Robert Brown na Forrest McDonald, waliochunguza mali za wajumbe mmoja baada ya mwingine na kukuta mgawanyiko haukwenda kwa mstari aliouchora. Chukua Elbridge Gerry wa Massachusetts: alikuwa na hati nyingi za deni la serikali, lakini alikataa kutia saini. George Mason alikuwa tajiri wa mashamba makubwa, naye alikataa. Upande wa pili, wakulima wa Georgia waliridhia bila kura hata moja ya kupinga, kwa kuwa waliogopa vita na Wacreek, taifa la wenyeji, na walihitaji msaada wa serikali yenye jeshi.

Ninachokubali ni kwamba Madison mwenyewe, katika kumbukumbu alizojiandikia Aprili 1787 kuhusu maovu ya mfumo uliokuwepo, alilalamikia sheria za majimbo kwa ukali uleule aliolalamikia udhaifu wa Kongresi. Alitaka serikali kuu iwe na uwezo wa kufuta sheria yoyote ya jimbo. Mkutano ulimkatalia, na alitoka Philadelphia akiwa na shaka kama kazi ingedumu.

#11 Katibu wa Zamani
Wanajukwaa, nisaidieni kwa jambo lililonipata mimi mwenyewe, maana linafanana na hili. Nilikuwa katibu wa chama cha kuweka na kukopa, nacho nitakiacha bila jina. Mkutano mkuu uliteua kamati ya kupitia vifungu viwili vya katiba kuhusu riba. Kamati ikarudi na katiba mpya nzima, yenye bodi mpya na masharti mapya ya uanachama, ikaomba ipigiwe kura palepale, ndiyo au hapana, bila kugusa kifungu kimoja kimoja. Wengi walipiga ndiyo kwa kuchoka na kwa kuogopa chama kusambaratika. Nilipinga, nikashindwa. Chama kipo mpaka leo na kinafanya vizuri, lakini bado naona hatukuulizwa tulichostahili kuulizwa.

Naona jambo hilohilo mwaka 1788. Mikutano ya majimbo iliambiwa ichukue yote au iache yote. Hapo ndipo hoja ya Wakili ya #2 inapolegea, kwani pendekezo lisiloruhusiwa kurekebishwa linamwachia mpokeaji nafasi ndogo sana ya hiari.

#12 Msafiri wa Pennsylvania
Salaam kutoka huku. Naishi mwendo mfupi kutoka lilipo lile jengo la mkutano wa 1787, na nimeingia ukumbini zaidi ya mara moja. Ni chumba cha kiasi, meza zimefunikwa vitambaa vya kijani, na mbele kipo kiti alichokalia Washington chenye nusu jua lililochongwa juu ya mgongo wake. Ukisimama pale na kukumbuka kwamba madirisha yalifungwa na walinzi wakawekwa milangoni katika miezi ya joto kali, unaelewa walivyoithamini siri. Mjumbe William Pierce wa Georgia ameacha habari kwamba nakala moja ya mapendekezo iliokotwa sakafuni. Washington akaikemea hali hiyo mbele ya wote, akaitupa mezani, akasema mwenyewe na aichukue, akatoka. Hakuna aliyethubutu kujitokeza. Kumbukumbu za Madison za mijadala ile zilichapishwa mwaka 1840, yeye akiwa amekwisha kufariki.

Kwa upande wa ridhaa, yaliyotokea katika jengo hilohilo siku chache baada ya mkutano ni haya. Bunge la Pennsylvania lilihitaji wabunge 46 ili akidi itimie na uchaguzi wa mkutano wa kuridhia uitishwe haraka. Wapinzani wakajificha, waliobaki wakawa 44. Tarehe 29 Septemba 1787 umati ukawafuata wawili, James M'Calmont na Jacob Miley, kwenye nyumba walimopanga, ukawaburuta mitaani na kuwakalisha ukumbini. M'Calmont aliomba alipe faini ya utoro aende zake, akazuiwa mlangoni. Akidi ikahesabiwa, hoja ikapita. Wiki zisizotimia sita baadaye watu wakapiga kura, na tarehe 12 Desemba Pennsylvania ikaridhia kwa 46 dhidi ya 23.

#13 Bint Saadani
Sikuijua habari ya M'Calmont, na imenisumbua. Ila nami nina swali kwa Msafiri: wale waliojificha hawakuwa wakivunja wajibu wao kwa wapiga kura? Kuikimbia akidi ni kuwanyima wengi haki yao ya kuamua.

#14 Msafiri wa Pennsylvania
Ni kweli, dada. Mbinu ya kukimbia akidi ilitumiwa na pande zote katika bunge lile miaka ile. Nawalaumu wote, ingawa kumburuta mtu ni jambo la aina nyingine.

#15 Mjukuu wa Pwani
Shikamooni wakubwa. Nimesoma tangu mwanzo na ninashangaa hakuna aliyetaja utumwa, ilhali ndio uliokuwa mezani kila siku. Tarehe 30 Juni, wakati wote wakidhani ugomvi ni wa majimbo makubwa na madogo, Madison aliwaambia kwamba mgawanyiko wa kweli ni kati ya majimbo yenye watumwa na yasiyo nao. Wakamalizia kwa kuhesabu watumwa watatu kati ya kila watano katika kugawa viti vya Baraza la Wawakilishi, kwa kuizuia Kongresi isipige marufuku uingizaji wa watumwa mpaka mwaka 1808, na kwa kifungu cha kumrudisha mtumwa aliyetoroka. Charles Cotesworth Pinckney alirudi South Carolina, na mwezi Januari 1788 akaliambia bunge lao kwa kujivunia kwamba serikali kuu haitaweza kamwe kuwapa watumwa uhuru.

Basi kuuliza kama wajumbe walikuwa na mamlaka kutoka kwa mabunge ya majimbo ni kuuliza nusu ya swali. Sensa ya mwaka 1790 ilihesabu karibu watu 700,000 waliokuwa watumwa. Waliongeza viti vya mabwana zao bungeni na kura zao za kumchagua rais, bila wao kuwa na kura wala mjumbe.

#16 Wakili wa Mkoani
Marahaba, Mjukuu. Umesema jambo zito. Naongeza kwamba ile hesabu ya tatu kwa tano haikuzaliwa Philadelphia. Kongresi iliipendekeza mwaka 1783 kwa ajili ya kugawa mzigo wa michango, na wakati huo watu wa kusini walitaka watumwa wahesabiwe wachache ili wao walipe kidogo. Ilipogeuzwa kuwa ya kugawa viti, wakataka wahesabiwe wengi. Mabadiliko hayo ya msimamo yanaeleza mengi kuliko hotuba zao.

Vilevile si kwamba hakuna aliyesimama. Gouverneur Morris wa Pennsylvania tarehe 8 Agosti aliushambulia utumwa kwa maneno makali sana, akauliza ni kwa msingi gani watumwa wahesabiwe katika uwakilishi: kama ni watu, wapewe uraia na kura, kama ni mali, kwa nini mali nyingine haihesabiwi? Hoja yake ilipigiwa kura, ikashindwa, New Jersey pekee ikiiunga mkono.

#17 Msomaji wa Usiku
Katika mlango huohuo, kuna uhusiano na kwetu ambao hautajwi vya kutosha. Thurgood Marshall, wakili Mwafrika-Mmarekani aliyeshinda kesi ya ubaguzi mashuleni mwaka 1954, alialikwa na kina Tom Mboya mwaka 1960 kuwa mshauri wao katika mazungumzo ya katiba ya Kenya kule Lancaster House, na aliandika rasimu ya haki za msingi iliyolinda pia mali za walio wachache. Mwaka 1987, akiwa jaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani wakati nchi yake ikisherehekea miaka 200 ya Katiba, alikataa kuwasifu waasisi, akasema serikali waliyoiunda ilikuwa na kasoro tangu mwanzo na ilihitaji marekebisho kadhaa na vita vya wenyewe kwa wenyewe ili ifikie hapo ilipo. Mtu huyo alizijua katiba kwa kuzifanyia kazi, kwa hiyo nauchukua ushahidi wake kwa uzito wote.

#18 Katibu wa Zamani
Msomaji umefungua mlango wa haki za msingi, na hapo mimi napata ushahidi mwingine wa haraka iliyokuwepo. Tarehe 12 Septemba, siku tano kabla ya kumaliza, Mason, ambaye ndiye aliyekuwa mwandishi mkuu wa Tamko la Haki la Virginia la 1776, alisema hati kama hiyo ingeweza kuandaliwa kwa saa chache tu. Gerry akatoa hoja, Mason akaiunga mkono, na majimbo yote yaliyokuwepo yakaikataa. Mnaelezaje watu waliotoka kwenye mapinduzi ya kudai haki kuikataa orodha ya haki bila jimbo hata moja kuiafiki?

#19 Mwalimu Mstaafu
Yapo maelezo matatu, na yote yana watetezi. Roger Sherman wa Connecticut alisema matamko ya haki ya majimbo hayakufutwa, hivyo yanatosha. Hamilton, katika makala ya 84, alisema kuorodhesha haki katika serikali yenye mamlaka yaliyohesabiwa ni hatari, kwa kuwa ukikataza kufanya jambo ambalo serikali haikupewa uwezo wa kulifanya, unampa mtu kisingizio cha kudai kwamba uwezo huo upo. Wapo pia wanaosema walichoka na walitaka kurudi makwao. Mimi naelekea kwa Sherman, ingawa hoja yake haikuwashawishi wananchi. Massachusetts iliridhia kwa kura 187 dhidi ya 168 baada tu ya kukubaliana kwamba itapeleka mapendekezo ya marekebisho, na mengi ya majimbo yaliyofuata yakaiga. Madison akayawasilisha tarehe 8 Juni 1789, Kongresi ikapitisha 12 mwezi Septemba, na kumi yakaridhiwa kufikia tarehe 15 Desemba 1791. Hapo ndugu Katibu atakubali kwamba ile "chukua yote au acha" ililegezwa kwa vitendo.

#20 Katibu wa Zamani
Ililegezwa kwa ahadi, Mwalimu, na ahadi ilitimizwa baada ya saini. Mapendekezo ya kupunguza uwezo wa kutoza kodi, ambayo New York na Virginia ziliyataka sana, Madison hakuyagusa.

#21 Jembe Halimtupi Mkulima
Swali fupi. Nimesikia kwamba wazo la muungano wenyewe lilichukuliwa kwa Wairokoi, yale mataifa sita ya wenyeji. Je, ni kweli?

#22 Msafiri wa Pennsylvania
Hilo lina ubishi. Mwaka 1744 kiongozi wao Canassatego aliwashauri wakoloni waungane kama wao walivyoungana, na Franklin mwaka 1751 aliandika kwamba kama wao wameweza, makoloni nayo yanapaswa kuweza. Kongresi ya Marekani ilipitisha azimio la kutambua mchango huo mwaka 1988. Wanahistoria wengi hata hivyo hawaoni alama zake katika mijadala ya 1787, ambako mifano iliyotajwa ni Ugiriki ya kale, Uholanzi, Uswisi na Uingereza. Mimi naona mfano wao ulikuwepo vichwani mwa baadhi yao hata kama hawakuutaja.

#23 Kalamu Nyeusi
Nawashukuru nyote, mmenifundisha. Nabaki na hoja yangu, na nailetea ushahidi kutoka ndani ya ukumbi. Tarehe 10 Septemba Gerry alipinga kuufuta Mkataba kwa njia hii, na Hamilton, ambaye hawakukubaliana kwa mengi, akakubaliana naye kwamba ni utovu wa adabu kuipita Kongresi bila kuomba idhini yake. Thomas Fitzsimons wa Pennsylvania akajibu kwamba maneno ya kuitaka idhini ya Kongresi yaliondolewa makusudi, ili kuiepusha Kongresi na kufanya kitendo kisichopatana na Mkataba unaoipa mamlaka yake. Mtu anayesema hivyo anajua fika kwamba anachokifanya hakipatani na sheria iliyopo. Kongresi nayo, tarehe 28 Septemba, ikaipeleka Katiba kwa majimbo bila kusema inaiafiki wala inaipinga, baada ya kuyazima mapendekezo ya Richard Henry Lee ya kuongeza haki.

Nakubaliana na Bint Saadani kwamba kifungu cha 13 kilikuwa kikwazo kisichovumilika. Ninachokataa ni kuambiwa kwamba kilifuatwa.

#24 Wakili wa Mkoani
Sikusema kilifuatwa. Nilisema kuna mamlaka juu yake, na ndiyo hayohayo waliyoyatumia dhidi ya mfalme mwaka 1776, kwamba wananchi wana haki ya kubadili serikali isiyowafaa. Ukiuvunja msingi huo kwa ajili ya 1787, unauvunja na wa uhuru wenyewe.

#25 Mjukuu wa Pwani
Lakini wananchi gani, Wakili? Patrick Henry aliuliza swali hilo kule Virginia mwezi Juni 1788: nani aliwapa ruhusa ya kusema kwa jina la wananchi badala ya majimbo?

#26 Mwalimu Mstaafu
Kuhusu Henry, ifahamike kwamba utangulizi wa rasimu ya Katiba ya tarehe 6 Agosti 1787 ulitaja wananchi wa majimbo yote 13, jimbo kwa jimbo, Rhode Island ikiwemo. Morris na kamati yake waliondoa majina hayo mwezi Septemba. Wengine wanaona hapo palikusudiwa taifa moja. Wengine wanasema palikuwa na sababu ya kawaida kabisa: ikiwa tisa yanatosha, hakuna aliyejua ni yapi, na huwezi kuliandika jimbo ambalo huenda likakataa. Sioni sababu moja inayoifuta nyingine.

#27 Nahodha Mstaafu
Basi kwa swali la wananchi gani, tuangalie New York, kwa sababu inawasumbua Wakili na mleta uzi kwa pamoja. Kwa uchaguzi huo wa 1788 jimbo liliondoa sharti la mali na kuruhusu wanaume wote walio huru wenye umri wa miaka 21 kupiga kura. Wanawake na watumwa walibaki nje. Wapiga kura hao wakachagua wapinzani 46 na waungaji mkono 19. Wakati wakijadiliana Poughkeepsie, New Hampshire ikawa ya tisa tarehe 21 Juni, kisha Virginia ikaridhia kwa kura 89 dhidi ya 79, na habari za Virginia zikawafikia mwanzoni mwa Julai huku jiji la New York likinong'onezewa kujitenga na jimbo. Tarehe 26 Julai mkutano uleule uliochaguliwa kupinga ukaridhia, 30 dhidi ya 27. Wakili, nieleze hao wajumbe waliobadilika walimwakilisha nani siku hiyo.

#28 Wakili wa Mkoani
Waliwakilisha watu ambao hali ilikuwa imewabadilikia. Mwezi Aprili walichaguliwa kuamua kama muungano mpya uwepo. Mwezi Julai ulikuwa umekwisha kuwepo, na swali lililobaki ni kama New York ikae nje yake. Melancton Smith, ambaye alikuwa miongoni mwa wapinzani hodari kuliko wote pale, alipiga kura ya ndiyo kwa sababu hiyohiyo, na aliieleza hadharani. Ukitaka, Nahodha, tuichambue hotuba yake, kwa kuwa mimi naiona kuwa ni ya mtu aliyefikiri, si ya mtu aliyeburutwa.

#29 Nahodha Mstaafu
Tuichambue. Mimi nitaanza na sehemu aliyodai marekebisho, kwa sababu hapo ndipo alipoeleza alichoahidiwa.